Sungura wa ndani anachimba zulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwa watu wanaoishi na sungura ndani ya nyumba: walio ghorofani Upanga na Kileleshwa, walio kwenye nyumba za kupanga Mbezi na Mombasa, na ndugu zetu walioko Uingereza ambako kapeti mara nyingi limegandishwa sakafuni ukuta hadi ukuta. Mwenye haraka achukue hili kwanza: sungura haachishwi kuchimba, anahamishiwa mahali pengine pa kuchimbia. Majibu yote yaliyo hapa chini yanasimama juu ya hilo.

Kwa nini anachimba zulia na chini yake kuna vigae vitupu?

Ndivyo alivyoumbwa. Sungura tunaowafuga, awe New Zealand mweupe, California mwenye masikio meusi au chotara wa sokoni, wote ni uzao wa sungura-mwitu wa Ulaya, ambaye chimbuko lake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huyo huishi kwa makundi ndani ya mashimo marefu yenye milango mingi, na huzaa watoto wasio na manyoya, macho yamefumba, ambao bila shimo hawana kinga yoyote. Sungura wa porini wa kwetu, yule wa hadithi anayemlaghai Fisi, ni wa jamii nyingine. Yeye hulala juu ya ardhi katikati ya majani, watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi, na hana habari na mashimo. Kwa hiyo mzee aliyekulia kijijini akikuambia hajapata kuona sungura anayechimba, anasema kweli kuhusu sungura anayemjua yeye.

Sasa huyu mchimbaji wa Ulaya umemweka sebuleni. Akikwaruza kigae, hakitoki kitu. Saruji haitoki kitu. Kinachojibu kucha zake ni zulia peke yake: linakwaruzika, linavutika, linatoa nyuzi. Kwake hiyo ndiyo ardhi pekee iliyomo ndani ya nyumba nzima. Mtazame siku moja bila kumkatiza. Hukwaruza kwa miguu ya mbele kwa kupokezana, haraka haraka, masikio yameelekea mbele. Halafu husimama, akaweka nyayo mbili za mbele pamoja na kusukuma udongo ambao haupo. Mwisho huinama, akaubana uzi kwa meno na kuuvuta hadi ukatike, kwa kuwa shimoni mzizi ukimzibia njia hukatwa hivyo hivyo. Kazi yote imekamilika, kasoro ardhi.

Nitajuaje sababu hasa ya sungura wangu?

Tazama anachimba wapi, saa ngapi, na anafanya nini akimaliza.

Anayechimba adhuhuri, mahali penye kivuli, kisha akajilaza tumbo chini palepale alipofunua sakafu, anatafuta ubaridi. Hili hutokea sana Pwani miezi ya Januari na Februari. Sungura hatoi jasho na hawezi kuhema akapoa vizuri. Joto lake hutoka zaidi kupitia masikio. Joto la chumba likipita nyuzi 28 huanza kuteseka, na juu ya 30 maisha yake yamo hatarini. Huyu mwachie vigae vitupu sehemu ya kulala, mwekee chupa ya maji yaliyoganda iliyozungushiwa kitambaa, na washa feni isiyompuliza moja kwa moja. Mara nyingi uchimbaji wa mchana unaisha hapohapo.

Anayechimba pembeni mwa mlango uliofungwa anataka kupita. Anayechimba mahali pamoja tu kila siku, hata ukilisogeza zulia akalifuata doa lilelile, anafuata harufu: mkojo wake wa zamani, mkojo wa paka aliyepita, au chakula kilichomwagika. Anayechimba miguuni pako ukiwa umekaa, kisha akakutazama, anakuita. Wapo pia wanaochimba kochi na mapaja ya mtu, na hao ujumbe wao ni huo huo.

Anayechimba kwa fujo akiwa na umri wa miezi 4 hadi 8, akizunguka miguu yako na kunyunyiza mkojo, amebalehe. Na anayechimba popote, wakati wowote, kisha akahamia kwenye miguu ya meza na nyaya za televisheni, amechoka kukaa bure. Huyu wa mwisho ndiye wengi wetu tunaye.

Kuna hatari kwake, au ni hasara ya zulia tu?

Hatari ipo, na ni kubwa kuliko hasara ya zulia. Kuchimba kwenyewe hakumdhuru. Kinachodhuru ni nyuzi anazomeza. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia yote hadi nje. Nyuzi za nailoni na poliesta hazisagiki tumboni. Zikichanganyika na manyoya anayojilamba, na kama hali nyasi za kutosha, utumbo hupunguza mwendo na unaweza kusimama kabisa.

Kagua kinyesi chake kila asubuhi. Vidonge vya sungura mzima ni vikubwa, vya duara, vikavu, na kila kimoja kiko peke yake. Ukiona vimefungamana kwenye unywele au uzi mmoja kama tasbihi, jua anameza. Bado vinatoka, kwa hiyo ni onyo: ondoa zulia siku hiyohiyo na umwongezee nyasi na maji. Vikianza kuwa vidogo na vichache, au akikataa hata kile anachokipenda kuliko vyote, akajikunyata na kusaga meno, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Sungura asiyekula wala kupata choo kwa saa 10 hadi 12 ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kesho, na usimnyweshe mafuta ya kula kwa ushauri wa jirani.

Hatari ya pili ni kucha kunasa kwenye vitanzi vya zulia. Akishtuka na kujivuta, kucha hung'oka na kidole kinaweza kuvunjika. Mazulia yenye vitanzi virefu ni mabaya kwa hili.

Sanduku la kuchimbia linatengenezwaje?

Ukifanya jambo moja tu katika ukurasa huu, fanya hili.

Tafuta chombo ambacho sungura wako anaweza kuingia mwili mzima, akageuka, akabaki na nafasi. Urefu wa sentimita 60 kwa upana wa 40 ndio wa kuanzia kwa sungura wa wastani. Akiwa mkubwa kama Flemish Giant, zidisha. Beseni kubwa la kufulia linafaa, kasha la plastiki linafaa, kreti ya mbao ya nyanya inafaa ukishatoa misumari. Katoni la friji au televisheni ni zuri zaidi kwa kuanzia maana ni la bure na akilitafuna hapati shida, ila bandua seloteipu zote na uchomoe pini za chuma. Kuta ziwe na kimo cha sentimita 30 hivi ili vitu visiruke nje, na upande mmoja ukate mlango wa kuingilia, kizingiti chake kikiwa sentimita 12 au 15 kutoka chini.

Cha kujaza ndani, chagua kulingana na uvumilivu wako wa uchafu. Wanaoishi ghorofani waanze na karatasi: magazeti yaliyochanwa, mifuko ya karatasi ya dukani, karatasi za kufungia mayai. Acha kurasa zinazong'aa. Changanya na nyasi kavu nyingi. Sungura wengine hutosheka na hapo.

Wengine hawatosheki mpaka wapate udongo, na kusema kweli hakuna kinachoushinda. Chukua udongo wa bustani usiowekwa mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya wadudu, mahali ambapo paka na mbwa hawajisaidii. Nyunyizia maji kidogo ushikamane. Udongo mkavu unatoa vumbi, na mapafu ya sungura ni mepesi kudhurika. Unene wa sentimita 15 unatosha. Mchanga wa baharini una chumvi, na wa ujenzi huwa umechanganyika na saruji. Kama unataka mchanga, tafuta wa mto, uuoshe, uanike. Maranda ya mbao yasitumike kama ni ya msonobari au mwerezi, maana ile harufu yao tamu ni kemikali inayoumiza ini na njia ya hewa.

Kisha zika vitu. Shina la dania, jani la karoti, kipande cha karoti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, majani ya matembele. Mwanzo viweke juujuu aone, kila siku uvishushe kidogo. Sungura akishajua kwamba ardhi ile ina chakula, hutamwambia mara mbili.

Tandika turubai au shuka kuukuu chini ya sanduku, kubwa kuliko sanduku lenyewe pande zote. Udongo utaruka. Fagia, rudisha ndani, endelea na maisha. Ukinuka mkojo, umwage wote.

Nimemwekea sanduku, ameingia mara moja, amerudi kwenye zulia.

Umeliweka wapi? Wengi huliweka baraza ya nyuma au pembeni mwa jiko, mahali panapomfaa mwenye nyumba. Liweke juu ya shimo lenyewe, palepale anapochimba zulia, hata kama ni katikati ya sebule na wageni wanakuja. Akishalizoea kwa wiki mbili tatu, lisogeze hatua moja kila baada ya siku kadhaa hadi lifike unapotaka.

Wakati huo zulia likunje kabisa kama linakunjika. Hii ndiyo bahati yetu wa Afrika Mashariki: nyumba nyingi zina vigae au saruji, na zulia ni la kutandika tu. Lililogandishwa lifunikwe hapo anapochimba kwa ubao, kigae kizito au kipande cha kapeti la plastiki ambacho kingo zake zimekandamizwa na miguu ya kochi. Ukingo ulioachwa wazi ndio atakaouanzia.

Ukimkuta anachimba zulia, usimfokee. Mbebe vizuri umpeleke sandukuni, kwaruza udongo kwa vidole vyako, mpe jani. Akichimba mle kwa hiari yake, msifu kwa sauti ya chini na jani jingine. Kila mtu wa nyumbani afanye hivyohivyo. Watoto wakimfukuza, baba akimrushia ndala, na wewe ukimpa dania, hajifunzi kitu.

Basi si niondoe mazulia yote moja kwa moja?

Usiyaondoe yote. Sungura hana nyayo laini za mpira kama paka. Chini ya mguu wake kuna manyoya tu, na kwenye kigae yanateleza. Utamwona anakaa kona moja siku nzima, ukadhani ni mpole, kumbe anaogopa kukatiza sakafu. Akilazimika kukaa juu ya kitu kigumu muda wote, hasa akiwa mzito, nyayo za nyuma hutoka manyoya na kupata vidonda ambavyo ni vigumu kupona.

Kwa hiyo badilisha kinachotandikwa. Mkeka wa ukili usiotiwa rangi ndio ninaoupendekeza kwa moyo wote. Ni majani makavu ya mkindu. Akiutafuna, ametafuna majani. Akiumaliza, unanunua mwingine kwa bei isiyouma. Jamvi linafaa vilevile. Mikeka ya rangi ya kupendeza ya Pwani itundikwe ukutani, maana hujui rangi ile ni ya nini. Zulia la kitambaa cha pamba lililosokotwa kwa kubana, lenye nyuzi fupi, linavumilika kama yeye si mmezaji. Zulia la mkonge ni gumu kuchimbika lakini nyuzi zake ni ndefu na kali, na mkeka wa makumbi ya nazi wa kufutia miguu nao ni hivyohivyo: uwe wa mlangoni nje.

Yale mazulia ya manyoya marefu yanayopendwa sana siku hizi Nairobi na Dar, ya kijivu na ya krimu, ni ya sintetiki tupu, nyuzi zake zina urefu wa kidole. Nyumba yenye sungura anayechimba isiwe nalo, au liwe chumba ambacho mlango wake unafungwa.

Nimeambiwa ninyunyize pilipili, au niweke naftalini chini ya zulia.

Pilipili inashika kwenye nyayo, na sungura hunawa uso kwa nyayo hizohizo mara nyingi kwa siku. Utakuwa umemtia pilipili machoni. Usifanye.

Naftalini ni sumu, kwake na kwa mtoto anayetambaa. Vidonge vile hutoa hewa usiku kucha, na sungura pua yake iko sentimita chache juu ya zulia. Kama zulia lilihifadhiwa na naftalini, lianike juani siku kadhaa kabla ya kulitandika.

La tatu watu hawaliulizi, nami nalitaja kwa sababu linaua: dawa ya viroboto na kupe yenye kiambato cha fipronili. Kwa mbwa ni dawa ya kawaida. Kwa sungura ni sumu. Usimpake, na usiipulizie kwenye zulia anamolala. Soma kibandiko.

Siki nyeupe ni kitu kingine. Ukiichanganya na maji nusu kwa nusu, inaondoa harufu ya mkojo, na doa lisilonuka halimwiti tena. Ijaribu kwanza kwenye kona ya zulia isiyoonekana, maana baadhi ya rangi huchuja. Sabuni zenye amonia ziache dukani: kwenye pua ya sungura zinafanana na mkojo, na utakuwa umempa sababu ya kurudi.

Nimpige kidogo aelewe?

Hapana. Katika maumbile sungura huliwa na karibu kila kitu chenye meno, na kipigo anakielewa kwa namna moja tu: amekamatwa na mnyama anayetaka kumla. Ataacha kuchimba ukiwepo, ataendelea ukitoka, na hatakuja tena mapajani. Zaidi ya hapo, uti wake wa mgongo ni mwepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu sana. Akiruka kwa hofu huku ameshikwa vibaya anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Usimwinue kwa masikio hata siku moja, ingawa sokoni ndivyo wanavyobebwa. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umkumbatie kifuani pako.

Kupiga makofi mara moja, kwa upole, ili akatize na kukutazama, hakuna ubaya.

Kumhasi kutasaidia?

Kwa aliyebalehe, kunasaidia sana. Dume huhasiwa kuanzia miezi 4 hivi, korodani zikishashuka. Jike hutolewa kizazi kuanzia miezi 5 au 6. Homoni hazikatiki siku hiyohiyo: toa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuona tofauti, na muda huohuo dume bado anaweza kumpa jike mimba. Uchimbaji hautaisha wote, kwa sababu si homoni peke yake zinazomchimbisha, lakini ile ghadhabu ya kulinda mipaka hupungua.

Kwa jike kuna sababu nzito zaidi. Kansa ya mji wa mimba huwapata mno majike wasiotolewa kizazi wakishavuka miaka 3 au 4. Hata asingekuwa anachimba kitu, ningekushauri hivyohivyo.

Chagua daktari kwa kumuuliza maswali. Amewahi kumfanyia sungura upasuaji, au amezoea mbwa na ng'ombe? Je, atakuagiza umshindishe sungura na njaa usiku wa kuamkia upasuaji? Daktari anayewajua sungura hatakuagiza hivyo, kwa sababu sungura hatapiki na utumbo wake hautakiwi kukaa mtupu. Kama mtaani kwako hakuna mzoefu, uliza hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichopo Kabete.

Jike wangu anachimba, anabeba nyasi mdomoni na kujinyofoa manyoya ya kifua.

Anatengeneza kiota. Kama amekutana na dume mwezi uliopita, tarajia watoto: mimba huchukua siku 30 hadi 32, na manyoya hunyofolewa karibu na kuzaa. Mwekee sanduku lenye nyasi, mwache kwa utulivu. Kama hajakutana na dume, ni mimba ya uongo, inayodumu kiasi cha siku 16 hadi 18 kisha ikaisha yenyewe. Usikibomoe kiota kila anapokijenga. Utamfanya aanze upya na zulia litaumia zaidi. Ikijirudia mara kwa mara, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Anatuamsha alfajiri kila siku kwa kukwaruza.

Sungura huchangamka nyakati mbili, kunapopambazuka na kunapokuchwa. Kwetu karibu na ikweta hilo halibadiliki sana mwaka mzima: kuanzia saa 11 alfajiri, na tena kuanzia saa 11 jioni. Huwezi kumbadilishia saa, lakini unaweza kuzitumia. Jioni mtoe akimbie, mfiche majani kwenye sanduku la udongo, mchoshe. Kabla ya kulala mpe rundo kubwa la nyasi mpya na uzike kitu sandukuni ili alfajiri akute kazi inamsubiri. Mwezi wa Ramadhani wanaoamka daku hawana lalamiko hili, maana wote wako macho pamoja.

Akikwaruza na wewe ukaamka kumpa chakula anyamaze, umemfundisha kukwaruza. Mpe chakula cha asubuhi saa ileile kila siku, akikwaruza asikwaruze.

Anachimba mswala nikiwa naswali.

Mswala ni laini, una pindo la nyuzi, na wewe umeinama usawa wake: ameona mwaliko. Mfungie chumba kingine dakika hizo au mpe nyasi mpya ukianza kutia udhu. Baada ya swala ukunje na uuweke juu, usiuache sakafuni, kwa sababu kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi Pwani, mkojo wa mnyama yeyote ni najisi.

Nyasi zinahusianaje na zulia?

Sana. Meno ya mbele ya sungura hukua maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na utumbo wake unahitaji nyuzinyuzi bila kukoma. Sungura anayekula nyasi saa nyingi za siku ana mdomo wenye kazi. Anayepewa bakuli la punje za dukani humaliza kwa dakika chache na kutafuta kingine cha kuvuta kwa meno, na zulia lipo. Nyasi ziwe karibu nane ya kumi ya chakula chake. Nyasi za Rhodes, zinazouzwa kwa marobota kwa wafugaji wa ng'ombe Kenya na Tanzania, zinafaa na ni nafuu. Nusa kwanza, zisiwe na ukungu wala vumbi. Lusini (alfalfa) ina chokaa, yaani kalsiamu, nyingi mno kwa sungura mkubwa, mpe sungura mtoto. Majani ya kishona nguo anayapenda sana. Mchicha kidogo kidogo. Majani ya parachichi, ya nyanya na vitunguu vya aina zote, kamwe.

Nimkate kucha zote ili asiweze kuchimba?

Kata ncha tu, kila wiki 4 hadi 6, ili zisinase. Ana kucha 5 kila mguu wa mbele na 4 kila mguu wa nyuma. Ndani ya kila kucha kuna mshipa wa damu unaoonekana wekundu ukimulika tochi. Kata mbele yake. Ukiugusa ikatoka damu, bonyeza na unga wa ngano. Akipata kidonda mguuni, usimpe amoksilini ya vidonge uliyobaki nayo nyumbani: ikipita mdomoni inaua vijidudu vyema vya utumbo wake, naye anaweza kufa ndani ya siku chache.

Nikimwongezea mwenzake atatulia?

Mara nyingi ndiyo. Sungura ni wa kundi, na wawili wanaolambana hawana muda mwingi wa zulia. Jozi rahisi ni dume aliyehasiwa na jike aliyetolewa kizazi. Wakutanishe mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kuishi, taratibu, ukiwepo. Ukileta wawili wasiohasiwa, umeanzisha ufugaji: jike hushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa.

Si bora nimfungie kizimbani mchana kutwa?

Zulia litapona, yeye ataanza kuguguna nyavu na kuchimba pembe za kizimba. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, kwa sungura wawili, na wawe nalo wakati wote. Vizimba vinavyouzwa madukani havikaribii hapo. Kama lazima umzuie ukiwa kazini, funga kona ya chumba kwa uzio wa nyavu zinazounganishwa, ndani uweke mkeka, nyasi, choo na sanduku la udongo. Nyaya za umeme zibaki nje ya uzio.

Zulia limeshatoboka na nyumba ni ya kupanga. Nifanyeje?

Lisikatwe na mkasi wa jikoni kwa hasira. Kwa la kutandika, mpelekee fundi wa mazulia akate sehemu iliyoharibika na kupinda ukingo upya. Utabaki na zulia dogo lakini zima, na nyuzi zinazoning'inia, ambazo ndizo zinazomvutia kurudi, zitakuwa zimekwisha. Kwa lililogandishwa, fundi anaweza kukata kipande kisafi kutoka chini ya kabati au ndani ya stoo, ambako hakuna anayetazama, akakibandika kwenye tundu akifuata mwelekeo wa nyuzi. Gundi ikauke kabisa na harufu iishe kabla sungura hajarudi chumbani. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote, na mwonyeshe sanduku la udongo: wenye nyumba wengi hulegeza wakiona kuna mpango. Usiku wa kwanza baada ya ukarabati funika kiraka kwa ubao, uweke sanduku juu yake.